Sura ya Saba: Kuusoma Ufa wa Boti ya Faiba

Chombo cha mbao kimeungwa ubao kwa ubao, na fundi anayekalafati kwa pamba na mafuta anajua maungio yake yatachezacheza tu. Kazi yake ni kuzuia maji. Boti ya faiba haina maungio ya namna hiyo. Ubavu wake ni ganda moja la nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa rezini, na nguvu ya chombo imo ndani ya nyuzi hizo. Ndiyo maana kuziba ufa wa faiba kwa puti na kuupaka rangi si kuutengeneza. Kwanza ujue kama nyuzi zimekatika, na ni nini kilichozikata.

Juu kabisa kuna jelikoti, tabaka la rangi lenye unene wa nusu milimita hivi. Jelikoti haina nyuzi, kwa hiyo hupasuka upesi kuliko kilicho chini yake. Nyufa zinazotawanyika kutoka sehemu moja huonyesha kuwa boti imegongwa: jiwe, nanga, au boti nyingine. Nyufa zinazokwenda sambamba huonyesha kuwa faiba inapindapinda. Mara nyingi utazikuta penye pembe za sitaha au juu ya taruma, ambapo ganda jepesi linakutana na kitu kigumu. Ufa kwenye ubao wa tezi, karibu na bolti za mashine, ni wa kuogopa zaidi, kwa kuwa boti nyingi zina plaiwudi hapo ndani. Maji yakipenya kwenye matundu ya bolti, plaiwudi huoza bila kuonekana.

Gongagonga eneo lote kwa mpini wa bisibisi. Faiba nzima hulia kwa sauti kali na fupi. Iliyoachana matabaka hutoa sauti nzito, iliyofifia. Kisha ondoa jelikoti kwa msasa, ukifuata ufa. Ufa ukiishia pamoja na rangi, jaza jelikoti mpya, maana nyuzi ni salama. Ufa ukiendelea kushuka, au ukiona weupe ndani ya faiba, matabaka yameumia na sehemu hiyo yote ikatwe mpaka ufike kwenye faiba nzima. Ioshe kwa maji baridi kuondoa chumvi, kisha iache ikauke kabisa.

Hapa ndipo wengi hukosea kwa kubana eneo. Faiba mpya haifumwi na ya zamani. Inaishikilia kama gundi tu, na gundi huhitaji nafasi. Chonga kingo ziwe mteremko mrefu, upana mara 12 ya unene. Ubavu wa milimita 6 unahitaji mteremko wa milimita 72 kila upande. Vaa barakoa na miwani, kwa sababu vumbi la faiba huumiza mapafu na macho. Futa kwa asetoni, halafu laza vipande vya mati (mkeka wa nyuzi za kioo), tabaka juu ya tabaka, ukiviloweka kwa rezini na kutoa mapovu kwa rola.

Kwa rezini ya poliesta, hadina (kigandishi) huwa gramu 10 hadi 20 kwa kilo moja, kulingana na maelekezo ya kiwandani. Siku ya joto usizidishe: mchanganyiko utaganda kwenye kopo, na tabaka nene litachemka na kupasuka. Ukipunguza mno, halitaganda. Epoksi hushika vizuri zaidi kwenye faiba ya zamani, lakini jelikoti ya poliesta mara nyingi haigandi sawasawa juu yake, hivyo malizia kwa rangi.

Mwisho, shughulikia chanzo. Palipopindapinda paongezewe taruma au tabaka, na mzigo wa bolti utandazwe kwa bamba pana upande wa ndani. Bila hayo, hata kiraka kilichofanywa kwa ustadi kitapasuka ukingoni mwake, na abiria au wavuvi watakuwa wamekiamini chombo ambacho bado ni kibovu.