Mbunge Wako Alisema Ndiyo au Siyo?



Wakati wa kampeni mgombea ubunge huja mpaka mlangoni. Huwasalimu wazee, hubeba watoto, hula ugali wetu na kuusifu. Uchaguzi ukiisha, aliyeshinda huenda Dodoma. Je, huko Dodoma anasema nini kwa jina letu? Jambo kubwa linapopigiwa kura, yeye huwa upande gani?

Wengi wetu hatujui. Tunajua tu kama ameleta mabati ya shule au hakuleta. Lakini wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kura yetu ni mali. Tukimpa mtu kura yetu kwa miaka mitano, hebu tujue ameitumiaje.

Leo tutaeleza jambo hili kwa kutumia mfano wa Jimbo la Kawe, katika Manispaa ya Kinondoni, Dar es Salaam. Msasani ni kata mojawapo ya jimbo hilo. Ni mahali pa pwani. Wapo wavuvi wa zamani, wapo wenye majumba makubwa, na ndipo alipokuwa akiishi Mwalimu Nyerere. Tumeichagua Kawe kwa sababu katika miaka michache ilipata Wabunge wa vyama viwili tofauti. Wote wawili walikuwa wasemaji wakali. Na wote wawili waliadhibiwa na Bunge.

KAZI YA MBUNGE NI IPI?

Mbunge si mjumbe wa kuleta misaada tu. Katiba yetu inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo Mbunge ana silaha mbili.

Silaha ya kwanza ni kinywa chake. Anauliza maswali kwa Mawaziri. Anachangia katika mijadala. Anaeleza shida za jimbo lake.

Silaha ya pili ni kura yake. Sheria ikiletwa, bajeti ikiletwa, mkataba na nchi ya nje ukiletwa, yeye anakubali au anakataa.

Silaha hizi mbili si kitu kimoja. Mtu anaweza kusema maneno makali asubuhi, halafu jioni akakubali jambo lilelile alilolilaumu. Kwa hiyo ukitaka kumjua Mbunge, usisikilize kinywa peke yake. Tazama na kura.

KURA HUPIGWAJE BUNGENI?

Hapa ndipo penye ugumu. Mara nyingi kura za bungeni hupigwa kwa sauti. Spika huwahoji Wabunge. Wanaokubali husema "Ndiyo" kwa pamoja. Wasiokubali husema "Siyo" kwa pamoja. Spika husikiliza, kisha hutangaza upande ulioshinda. Katika kitabu cha kumbukumbu za Bunge, kinachoitwa Taarifa Rasmi au Hansadi, huandikwa kwamba hoja iliamuliwa na kuafikiwa. Basi. Huwezi kujua nani alisema Ndiyo, nani alisema Siyo, na nani alinyamaza.

Chukua mfano wa Juni 10, 2023. Siku hiyo Bunge liliridhia makubaliano kati ya Tanzania na Dubai juu ya bandari zetu. Lilikuwa jambo zito, na watu walibishana nchi nzima, mpaka kwenye vijiwe vya kahawa na kwenye daladala. Lakini kura ilikuwa ya sauti. Mkazi wa Msasani au wa Temeke akitaka kuona jina la Mbunge wake katika orodha ya waliokubali na waliokataa, orodha hiyo haipo. Anaweza kusoma tu hotuba za waliosimama kuchangia.

Bajeti ya Serikali ni tofauti. Kila mwaka, mwezi wa Juni, Wabunge huitwa kwa majina, mmoja mmoja. Kila mmoja hujibu mbele ya wote: Ndiyo au Hapana. Asiyetaka upande wowote husema hivyo. Asiyekuwepo huandikwa kuwa hayupo. Majina hayo yote huingia katika Taarifa Rasmi. Kwa nini bajeti hupewa uzito huo? Ni kwa sababu ndiyo fedha yote ya nchi kwa mwaka mzima. Tena Katiba inasema kwamba Bunge likikataa kupitisha bajeti, Rais anaweza kulivunja Bunge, na Wabunge wote wakarudi kwetu kuomba kura.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama utatafuta kumbukumbu moja tu ya Mbunge wako kila mwaka, tafuta kura yake ya bajeti.

KAMBA YA CHAMA

Wengine huuliza, "Mbona Wabunge wa chama kimoja karibu wote husema neno moja?" Sababu ipo katika Katiba, Ibara ya 71. Mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, anapoteza ubunge. Maana yake ni kwamba chama kimeshika kamba. Mbunge anayepinga chama chake anaweza kufukuzwa, na kiti kikaenda. Kwa hiyo ukisikia Mbunge amesema jambo kinyume cha wenzake, liwe zuri au baya, ujue amejitia katika hatari. Tusimsifu kwa ujasiri tu. Tupime alichosema.

KAWE, 2010 HADI 2020

Mwaka 2010 wananchi wa Kawe walimchagua Halima Mdee wa CHADEMA. Mwaka 2015 walimchagua tena. Katika miaka mitano ya kwanza alikuwa msemaji wa Kambi ya Upinzani katika mambo ya ardhi na nyumba. Baadaye akawa msemaji wao wa mambo ya fedha. Ardhi ni jambo kubwa sana kwa watu wa Msasani, maana kiwanja cha pwani huliliwa na wengi.

Juni 2017 kulitokea vurugu bungeni siku Mbunge John Mnyika alipoamriwa kutoka nje. Mdee na Ester Bulaya, Mbunge wa Bunda Mjini, walituhumiwa kudharau mamlaka ya Spika. Bunge liliamua wasihudhurie mikutano yake mpaka mkutano wa bajeti wa mwaka 2018. Mwezi huohuo wa Juni 2017 majina yaliitwa kupigia kura bajeti. Kutoka Kawe hakuna aliyejibu Ndiyo, wala hakuna aliyejibu Hapana.

Mwaka 2019 likaja jambo lingine. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Profesa Mussa Assad, alikuwa amesema katika mahojiano ya redio kwamba Bunge lina udhaifu katika kuifuatilia Serikali. Mdee aliunga mkono maneno hayo. Mapema Aprili 2019, mkutano wa bajeti ulipokuwa unaanza, Bunge lilimsimamisha kwa mikutano miwili. Tuelewane hapa: mkutano wa Bunge si wa siku moja. Mkutano mmoja una vikao vingi, na ule wa bajeti huchukua karibu miezi mitatu.

KAWE, 2020 HADI 2025

Katika uchaguzi wa Oktoba 2020 kiti kilichukuliwa na Josephat Gwajima wa CCM, ambaye pia ni kiongozi wa kanisa. Mdee alirudi bungeni Novemba mwaka huo kwa njia ya viti maalum, akiwa mmoja wa wanawake 19. Chama chake kilisema hakikuwateua, kikawafukuza uanachama. Shauri likaenda mahakamani, nao wakaendelea kukaa bungeni. Lakini Mbunge wa viti maalum hana jimbo. Aliyebeba jina la Kawe sasa alikuwa Gwajima.

Mwaka 2021 ugonjwa wa korona ulikuwa ukiua watu duniani kote. Julai 28, 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua chanjo na yeye mwenyewe akachanjwa mbele ya watu. Gwajima, Mbunge wa chama kilekile, alisimama kanisani kwake akaipinga chanjo hiyo, na kuwatilia shaka viongozi walioileta. Aliitwa mbele ya Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka ya Bunge. Agosti 31, 2021 Bunge lilimsimamisha kwa mikutano miwili. Siku hiyo alisimamishwa pia Jerry Silaa, Mbunge wa Ukonga, aliyekuwa amesema hadharani kwamba mishahara ya Wabunge haikatwi kodi.

Tuseme wazi juu ya chanjo: uchunguzi wa wataalamu katika nchi nyingi umeonyesha kwamba chanjo za korona ziliokoa maisha ya watu wengi sana. Katika jambo hilo msimamo wa Mbunge ungeweza kuwadhuru waliomsikiliza.

Mtu huyohuyo, Mei 2025, aliwaita waandishi wa habari akalaani vitendo vya kuteka watu nchini. Hapo tena alisema kinyume na wengi wa chama chake. Unaona, ndugu msomaji? Mbunge mmoja anaweza kuwa na msimamo unaoukataa na msimamo unaoukubali. Ndiyo maana inafaa kupima jambo kwa jambo, siyo kumpenda au kumchukia mtu mzima mzima.

ADHABU NI YA MBUNGE, MZIGO NI WA NANI?

Huenda mtu akauliza, "Je, Mbunge hana uhuru wa kusema?" Anao. Ibara ya 100 ya Katiba inalinda uhuru wa mawazo na majadiliano ndani ya Bunge. Mbunge hawezi kushtakiwa mahakamani kwa alilosema mle ndani. Lakini Bunge lenyewe lina kanuni zake. Linaweza kumwadhibu mwanachama wake kwa kuvunja utaratibu, na kama tulivyoona, limewaadhibu hata kwa maneno yaliyosemwa nje.

Sisi tunaona kwamba utaratibu lazima uwepo. Nyumba isiyo na utaratibu haijengi. Lakini tunauliza swali ambalo halikupata jibu mwaka 2017, wala 2019, wala 2021. Mbunge akitolewa nje kwa miezi kadhaa, nani anauliza maswali ya mvuvi wa Msasani? Nani anapiga kura yake? Hakuna. Hakuna Mbunge wa akiba anayeletwa. Adhabu anapewa mmoja, lakini jimbo zima linafungwa mdomo.

Na kuna kujifungia mdomo kwa hiari. Katikati ya mwaka 2016 Wabunge wa upinzani walikuwa wakitoka ukumbini kila Naibu Spika Tulia Ackson alipokalia kiti. Walitaka kuonyesha malalamiko yao. Lakini kutoka nje si sawa na kusema Hapana. Aliyesema Hapana ameandikwa. Aliyetoka ameandikwa kuwa hayupo. Mwananchi ana haki ya kumwuliza Mbunge wake, "Ulitupatia nini kwa kutoka?"

JIRANI ZETU WA KENYA

Juni 25, 2024 Bunge la Kenya lilipigia kura muswada wa fedha uliokuwa unaongeza kodi. Wabunge 195 walikubali, 106 walikataa. Kura ya kila mmoja ilijulikana, na majina yalienea katika simu za wananchi. Hasira ilikuwa kubwa, watu walikuwa barabarani, na wengine wakauawa. Kesho yake Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi muswada huo.

Hatusifu fujo, na tunasikitikia waliokufa. Tunachotaka mwone ni hiki: kura yenye jina ina mwenyewe. Kura ya sauti haina mwenyewe. Mbunge anayejua kwamba jina lake litasomwa nyumbani hufikiri mara mbili kabla ya kufungua kinywa.

SISI TUFANYE NINI?

Si lazima uwe na shahada. Ukijua kusoma na kuandika, unatosha.

1. Anzisheni daftari. Kikundi chenu cha kusoma kinunue daftari moja. Andikeni ahadi za Mbunge na tarehe aliyoahidi. Ahadi ni deni, na deni huandikwa.

2. Someni Taarifa Rasmi. Zinapatikana katika tovuti ya Bunge, kwa Kiswahili. Kijana mwenye simu ya intaneti anaweza kuzitafuta, akawasomea wengine. Tafuteni jina la Mbunge wenu: ameuliza maswali gani, na Waziri alimjibu nini?

3. Kila Juni, tafuteni kura ya bajeti. Andikeni: Ndiyo, Hapana, hakuchagua upande, au hayupo.

4. Kwa jambo lililopigiwa kura ya sauti, mwulizeni mwenyewe. Akija kwenye mkutano wa hadhara, simama kwa adabu: "Mheshimiwa, lilipokuja jambo hili, ulisema Ndiyo au Siyo? Kwa nini?" Swali hilo si matusi. Ni haki yako.

5. Msikubali jibu la "sisi sote tulikubaliana." Mlichagua mtu mmoja, mwenye jina.

Mkifanya hivyo miaka mitano, siku ya kampeni ikifika hamtahitaji kuambiwa na mtu nani alifanya kazi. Mtafungua daftari.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kura ya sauti na kura ya majina zinatofautianaje?
2. Kwa nini Wabunge huitwa kwa majina wakati wa bajeti?
3. Mbunge akisimamishwa, jimbo lake linapoteza nini? Mngependekeza adhabu gani isiyowaumiza wananchi?
4. Mbunge wenu ana msimamo gani juu ya jambo moja kubwa la mwaka huu? Mmejuaje?