Kabla ya Kununua Mashini ya Shamba

Jamaa nyingi za wakulima huweka akiba kwa taabu, pengine huuza hata ng'ombe, wapate kununua mashini ya shamba. Wakifika dukani Bukavu huuliza neno moja tu: bei gani? Swali hilo ni jema, lakini halitoshi.

Kwanza, tazameni ardhi. Bonde la Ruzizi, toka Kamanyola kuteremka mpaka Uvira, ni tambarare. Huko trekta huweza kulima mashamba ya mpunga na mahindi. Lakini Kabare na Walungu ni nchi ya milima, na mashamba mengi ni vipande vidogo. Penye mteremko mkali trekta huweza kupinduka na kumwua dereva. Tena ardhi ikilimwa toka juu kwenda chini, udongo wake huchukuliwa na mvua. Huko jembe la mkono, pamoja na matuta yaliyokingama mteremko, lingali bora.

Pili, hesabuni siku za kazi. Mashini itumikayo majuma mawili kwa mwaka, kisha ikalala, ni ghali hata ikiuzwa rahisi. Heri majirani wainunue kwa ushirika, ama waikodi. Lakini kinu cha kusaga mihogo na mahindi hupata kazi mwaka mzima, nacho huwapunguzia akina mama taabu ya kutwanga.

Tatu, ulizeni habari za mafuta, vipuri na fundi. Mvua za Septemba hazimngojei mtu ambaye mashini yake yangoja chuma kutoka ng'ambo.

Basi, baba na mama washauriane nyumbani kwanza, ndipo fedha itoke mfukoni.