Pikapu toleo jipya: Ununue sasa au usubiri?

KWA mfanyabiashara anayeshusha mzigo soko la Temeke Stereo kabla ya jua kuchomoza, au mkulima wa Mkuranga anayeleta mihogo na machungwa mjini kwa Barabara ya Kilwa, pikapu si gari la kutembelea. Ni mtaji wenye magurudumu. Mara nyingi imenunuliwa kwa mkopo na kadi ya gari iko benki.

Ndiyo maana toleo jipya linapozinduliwa, wengi hupenda kwanza kuona mwingine akilinunua. Katika gereji za Chang'ombe na Keko fundi anayeaminika ni yule aliyekwisha kufungua injini ya aina hiyo mara nyingi, na kwa gari lililotoka jana fundi wa namna hiyo bado hayupo.

Suala hilo limerudi tena baada ya Toyota kuzindua Hilux ya kizazi cha tisa nchini Thailand, Novemba 2025. Hilux ilianza kuuzwa mwaka 1968, na kwa wanunuzi wengi wa Tanzania jina hilo peke yake linatosha. Hoja yao ni kwamba kampuni iliyotengeneza pikapu kwa zaidi ya nusu karne haiwezi kukosea.

Inaweza. Tena imekosea.

Mwaka 2015 kampuni hiyo ilitoa Hilux ya kizazi cha nane, ikiwa na injini mpya za dizeli za lita 2.4 na 2.8. Nchini Australia magari hayo yalifungwa kichujio cha kunasa masizi kwenye mfumo wa ekzosi. Kichujio cha aina hiyo hujisafisha chenyewe kwa kuyachoma masizi, lakini ili kifanye kazi hiyo ni lazima kipate joto la kutosha. Katika magari hayo kilishindwa kujisafisha ipasavyo. Wenye magari wakaanza kuona moshi mweupe na taa za onyo, na safari za kurudi kwa wakala hazikwisha.

Kampuni ilijaribu marekebisho zaidi ya mara moja. Kesi iliyofunguliwa na wanunuzi ilihusu magari zaidi ya 260,000 ya Hilux, Fortuner na Prado yaliyouzwa kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020. Mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliamua kwamba magari hayo yalikuwa na kasoro, na mabishano juu ya kiasi cha fidia yakafika hadi mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo mwaka 2024. Kwa maneno mengine, aliyenunua toleo hilo mwanzoni alikaa na kasoro kwa karibu miaka mitano. Aliyesubiri alinunua gari lililokwisha kurekebishwa, kwa gharama ya uvumilivu wa wenzake.

Sweden nako, jarida la magari la Teknikens Värld liliijaribu Hilux mwaka 2007 kwa kuikwepesha kikwazo cha ghafla barabarani, ikanyanyua magurudumu ya upande mmoja na kukaribia kupinduka. Toleo jipya lilipofanyiwa jaribio hilo hilo mwaka 2016, likafanya vile vile. Marekebisho yalifuata baadaye.

Bodi mpya, injini ya zamani

Hata hivyo, si kila kinachoitwa kipya ni kipya. Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea hesabu, kwa kuangalia taa na boneti badala ya kuuliza kilicho chini ya boneti.

Hilux iliyozinduliwa mwaka 2025 ina sura mpya, lakini injini yake kuu ya dizeli ni ile ile ya lita 2.8 iliyoanza mwaka 2015. Mafundi wamekuwa nayo kwa miaka kumi na spea zake zinafahamika. Palipo na ugeni zaidi ni kwenye mifumo ya umeme, ukiwamo usukani unaosaidiwa na mota ya umeme badala ya pampu ya mafuta katika matoleo kadhaa. Kwa hiyo mnunuzi asiogope injini. Aulize nani mjini anaweza kupima na kutengeneza usukani huo.

Vivyo hivyo kwa Mazda BT-50. Inayotengenezwa tangu mwaka 2020 kwa kweli ni Isuzu D-Max iliyovishwa sura nyingine, wakati kabla ya hapo ilikuwa ndugu wa Ford Ranger. Mtu anaweza kukuta nembo asiyoizoea juu ya vyuma anavyovijua, au nembo anayoiamini juu ya vyuma vigeni kabisa.

Mashirika yanayonunua magari mengi kwa kazi za vijijini yanalijua jambo hili siku nyingi. Hilux ya kizazi cha saba, ambayo wengi huiita Vigo, ilipotoka mwaka 2004 ililetwa na injini za D-4D zinazopulizia dizeli kwa shinikizo kubwa sana na kuongozwa na kompyuta. Lakini kwa masoko kama ya Afrika, Toyota iliendelea kutoa bodi hiyo hiyo ikiwa na injini ya 5L, dizeli ya kizamani yenye pampu isiyohitaji mambo mengi. Ilikuwa nzito kupanda mlima na haikuwa na mbio. Pamoja na hayo ilinunuliwa, kwa sababu fundi wa wilayani aliweza kuitengeneza kwa spana.

Mafuta nayo yana neno

Sababu ya tahadhari ile haikuwa ushamba. Nozeli za D-4D ni nyembamba mno, na zinalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Mafuta ya taa hayalainishi kama dizeli, na katika miaka hiyo uchakachuaji ulikuwa umeshamiri kiasi kwamba neno lenyewe liliingia hadi kwenye siasa za uchaguzi wa 2010. Mwaka huo ndipo EWURA ilipoanza kuweka vinasaba kwenye mafuta, na mwaka uliofuata Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya.

Salfa nayo ilikuwa juu. Ni Januari 2015 tu ndipo nchi za Afrika Mashariki zilipohamia kwenye dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Gari lililobuniwa kwa mafuta ya Ulaya lilipoletwa hapa miaka kumi kabla ya hapo, lilikuwa linanyweshwa kitu ambacho halikutengenezewa.

Siku hizi dizeli ni nzuri zaidi, ila somo linabaki kwa anayeagiza pikapu ya karibuni kutoka Uingereza au Australia. Toleo la kule huweza kuwa na kichujio cha masizi, na mengine huhitaji kimiminika maalumu cha kusafisha moshi, wakati toleo la jina lile lile linaloletwa na wakala kwa soko letu halina vitu hivyo. Pikapu yenye kichujio inayoshinda kwenye foleni ya Mbagala, ikisogea mita kumi na kusimama, haipati lile joto la kuchoma masizi. Litajaa, taa itawaka, na gari litapunguza nguvu likiwa na tani ya viazi mgongoni.

Hesabu ya gari lililolala

Chukua mfano wa pikapu inayomwingizia mwenye nayo Sh80,000 kwa siku baada ya kutoa mafuta na posho ya dereva. Kwa siku 25 za kazi ni Sh2 milioni. Rejesho la benki likiwa Sh1.4 milioni, anabaki na Sh600,000.

Likilala siku 10 likisubiri kifaa kutoka nje, linaingiza Sh1.2 milioni tu. Hapo mfanyabiashara huyo anatakiwa kutafuta Sh200,000 mfukoni ili kukamilisha rejesho, na bado hajamlipa fundi wala hajanunua kifaa chenyewe.

Hatari ya toleo jipya iko hapo zaidi kuliko kwenye kuharibika. Magari yote huharibika. Lakini pikapu iliyozoeleka ikifa klachi asubuhi, kijana anatumwa Gerezani au Shaurimoyo, na jioni gari linatembea. Kwa toleo la mwaka huu hakuna spea Gerezani, hakuna la ajali lililochinjwa Shaurimoyo, na spea feki zenyewe hazijatengenezwa bado. Mlango uliobaki ni wa wakala mmoja tu, na bei ni anayoisema yeye.

Mafundi nao hufuata magari yaliyoko barabarani. Chuo cha VETA kiko hapo hapo Chang'ombe na hutoa mafundi wa magari na wa umeme wa magari, lakini kijana hujifunza kwa gari lililopo mbele yake. Fundi wa gereji bubu ambaye hana mashine ya kusoma kompyuta ya gari atabahatisha: atabadili hiki, atajaribu kile, na kila jaribio linalipiwa na mwenye gari.

Kampuni ikiondoka je?

Kuna hatari kubwa zaidi kwa anayenunua pikapu ya kampuni ambayo yenyewe ni ngeni sokoni. Nchini Kenya, kampuni ya Mobius ilisifiwa kwa kubuni magari rahisi yanayofaa barabara mbovu za Afrika. Agosti 2024 ilitangaza kwamba inafungwa kwa sababu ya madeni na mzigo wa kodi. Mnunuzi alipatikana baadaye, lakini ni rahisi kufikiria hali ya mwenye gari wakati ule, akiwa na gari zima, dhamana ya maandishi, na ofisi inayojiandaa kufunga milango.

Pikapu za China na India zinazoingia nchini kwa bei nafuu zisihukumiwe kwa nchi zinakotoka. Baadhi zinafanya kazi vizuri. Kinachotakiwa kuangaliwa ni stoo ya wakala. Mnunuzi aombe kuonyeshwa, kwa macho, pedi za breki, sahani ya klachi, nozeli, taa ya mbele na kioo cha mbele cha toleo analouziwa. Wakala asiye na kioo cha mbele leo hatakuwa nacho siku jiwe la lori litakaporuka kwenye barabara ya vumbi.

Kwa anayebeba samaki wa barafu kutoka Feri, kuna jambo ambalo hata kusubiri miaka mitatu hakutalionyesha, nalo ni kutu. Nchini Marekani, mwaka 2016 Toyota ilikubali makubaliano ya hadi dola bilioni 3.4 kumaliza kesi ya chesisi zilizoliwa na kutu, yakihusu takriban magari milioni 1.5, zikiwamo pikapu za Tacoma zilizotengenezwa kuanzia mwaka 2005. Chumvi ya barabarani kule ni ya kuyeyusha theluji. Ya hapa inachuruzika kutoka kwenye makasha ya samaki. Chesisi ioshwe kwa maji baridi kila siku, gari liwe jipya au la zamani.

Nani basi anunue mapema? Kampuni yenye pikapu nyingi, ambayo moja ikilala nyingine inafanya kazi, na yenye mkataba wa matengenezo na wakala. Mwenye pikapu moja na rejesho la kila mwezi afadhali asubiri miaka miwili au mitatu, au anunue toleo linaloondoka, ambalo wakala hulipunguza bei ili kumaliza stoo na ambalo spea zake zimejaa mjini.

Njia nyingine ni minada ya magari ya mashirika na taasisi, ambayo huyauza baada ya miaka michache ya matumizi. Huko mnunuzi adai kitabu cha sevisi, alinganishe kilomita zilizoandikwa humo na zile za kwenye dashibodi, kisha achukue namba ya chesisi na kuipeleka kwa wakala kuuliza kama gari hilo limewahi kuitwa na kiwanda kwa marekebisho, na kama marekebisho hayo yalifanyika.