Fukuto la Shambani na Namna ya Kulipima



Katika msimu wa karafuu sote twaliomba jua, kwani karafuu ikikosa jua huharibika jamvini. Lakini jua hilo hilo ndilo limpigalo mchumaji aliye juu ya mkarafuu, na kizunguzungu kikimshika huko, aweza kuanguka. Kwa hiyo yafaa tujue kulipima fukuto, tusilibahatishe.

Wengi wetu hutazama kipimajoto peke yake. Hicho hakitoshi. Mwili hujipoza kwa kukauka jasho. Hewa ikijaa unyevu, jasho hutiririka bila kukauka na joto hubaki mwilini. Ndiyo maana digrii 31 za kisiwani huchosha kuliko digrii 31 za mahali pakavu.

Mwaka 1957 wataalamu wa Marekani, Yaglou na Minard, walieleza kipimo kilichotumika katika kambi za mafunzo ya askari, ambako vijana walikuwa wakizidiwa na joto. Vyatakiwa vipimajoto vitatu. Cha kwanza ncha yake huvikwa kitambaa cha pamba kilicholowa maji. Cha pili huwa ndani ya tufe la shaba lililopakwa rangi nyeusi. Hivyo viwili huwekwa juani. Cha tatu ni kikavu, nacho hukaa kivulini. Katika mafungu 10, cha maji huchukua 7, cheusi 2, na kikavu 1.

Mathalani cha maji kikisoma 28, cheusi 45, na kikavu 32, hesabu ni 19.6 na 9.0 na 3.2, jumla 31.8. Kipimo cha kimataifa chasema kwamba kwa mtu mwenye afya aliyezoea joto, tahadhari huanza ikipita 28 kwa kazi ya wastani, na 26 kwa kazi nzito.

Asiye na tufe aweza kukadiria kwa joto na unyevu wa hewa. Kwa kanuni iliyotolewa na idara ya hali ya hewa ya Australia, joto la 31 na unyevu wa asilimia 50 hutoa 30. Unyevu ukifika 70, hutoa karibu 34. Kanuni hiyo huchukulia jua kali kiasi na upepo mdogo, basi penye mawingu au upepo mwingi huzidisha.

Kipimo kikipita mpaka, kazi ianze alfajiri, mchana watu wapumzike kivulini, na maji yanywewe kidogo kidogo kabla ya kiu. Mgeni wa kazi apewe kazi nyepesi wiki ya kwanza. Mtu mwenye mwili wa moto akianza kusema ovyo, awekwe kivulini, amwagiwe maji, apepewe, na apelekwe hospitali mara moja.

Mchumaji hulipwa kwa pishi, kwa hiyo si rahisi ashuke kwa hiari yake. Ni juu yetu wenye mashamba kumwita ashuke.