Pompi ya Kifua Wakati wa Mafua

Tuseme una ugonjwa wa pumu. Muganga wa Baraka amekupa pompi mbili za kuvuta kwa kinywa. Kisha mafua yanaingia kambini, kila nyumba inakohoa, na jirani anakuambia: "Ile pompi inapunguza nguvu ya mwili. Iache kwanza mpaka mafua yapite." Je, utamsikiliza?

Usimsikilize. Lakini jirani hakusema upuzi mtupu, na ndiyo sababu tunaandika habari hii.

Pompi ya kwanza, ambayo mara nyingi ni ya buluu, ina salbutamol. Hiyo hufungua njia za hewa upesi wakati pumzi inakata. Ya pili, mara nyingi ya rangi ya kahawia, ina steroidi kama beclometasone au budesonide. Haifungui kitu papo hapo. Kazi yake ni kutuliza uvimbe ndani ya mapafu, siku kwa siku. Wengi huitupa hiyo ya pili kwa kuwa hawaoni nguvu yake. Basi virusi vya mafua vinapoingia katika kifua kilichovimba tayari, njia hujifunga, na mtu huamka saa nane za usiku akitafuta hewa. Korona ilipofika Congo, mgonjwa wa kwanza akitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020, watu wengine walikuwa na hofu hii ya steroidi. Mabingwa wa pumu walijibu waziwazi: mwenye pumu asiache pompi yake.

Sasa turudi kwa jirani. Kuna ugonjwa mwingine, ule wa mapafu kuziba polepole kwa miaka mingi, kwa sababu ya tumbako, vumbi, au moshi wa kuni. (Mama anayekausha ndagala juu ya moshi pale Baraka yumo hatarini, hata kama hajavuta sigara hata moja.) Kwa mgonjwa wa namna hiyo, steroidi inaweza kupunguza mashambulio, lakini inalegeza pia ulinzi wa mapafu. Uchunguzi mkubwa uitwao TORCH, uliotangazwa mwaka 2007, ulifuata wagonjwa zaidi ya 6.000 kwa miaka 3. Kati ya waliovuta steroidi pamoja na dawa ya kufungua njia, karibu 20 kwa 100 walipata kichomi. Kati ya waliovuta pompi isiyo na dawa, 12 kwa 100. Kwa hiyo huyu amuulize muganga kama steroidi inamfaa kweli. Asijikatie mwenyewe. Na homa ikipanda, makohozi yakigeuka rangi, aende dispanseri siku ile ile.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni pompi ya kuazima. Wewe unayetoboa jiwe au kulitwanga, huko Misisi au kwingineko, vumbi lake laini hubaki mapafuni na kuleta silikosi. Hakuna pompi inayoliondoa. Silikosi nayo hufungulia mlango kifua kikuu. Ukikohoa majuma mawili, kisha ukavuta pompi ya rafiki, haitaua mdudu wa kifua kikuu, nawe unaendelea kulala chumba kimoja na watoto. Peleka makohozi yapimwe. Dawa za kifua kikuu ni za bure katika programu ya taifa, nazo zinaponyesha. Na jiwe lilowanishwe maji kabla ya kulipiga. Kitambaa puani hakizuii vumbi laini.

Kama pompi ni yako, uitumie vizuri. Toboa kitako cha chupa safi ya plastiki ya nusu lita, tundu likae sawasawa na mdomo wa pompi, uzibe pembeni kwa gundi. Waganga wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa hiyo inafaa kama kifaa cha kiwandani. Bonyeza mara moja, vuta polepole kupitia shingo ya chupa. Baada ya steroidi, sukutua na uteme, usije ukaota utando mweupe kinywani.

Ukishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo ikigeuka buluu, vuta ile ya salbutamol na uondoke kwenda hospitali, kapita akijua. Kutoka milima ya Fizi hadi Baraka, njia ni ndefu wakati wa mvua: usingoje kukuche.