Kodi ya nyumba ughaibuni: ada ipi ya mpangaji, ipi ya mwenye nyumba?

Kijana wa Kihesa anapopata kazi Dubai au nafasi ya masomo Ujerumani, ukoo mzima huchangia safari. Tiketi hukatwa, viza hulipiwa, na fedha za kodi ya miezi ya mwanzo huwekwa kando. Aghalabu hesabu hiyo hufanywa kwa kipimo cha hapa kwetu: kodi ya mwezi mara idadi ya miezi, na dalali apewe ya mwezi mmoja. Huko aendako, kodi ni mstari wa kwanza tu wa orodha ya malipo. Asiyeijua orodha hiyo humaliza akiba kabla ya mshahara wa kwanza, na simu ya kuomba msaada huwarejea wazazi waliokwisha kuuza gunia la mwisho la mahindi.

Tuanze na asili ya ada zenyewe. Jengo la ghorofa lina lifti, ngazi, taa za korido, mlinzi, tangi la maji na bima. Vitu hivi ni vya wote, hivyo wamiliki huchangia gharama zake kwa wanaosimamia jengo. Mchango huo ndio ada ya usimamizi. Hata Tanzania ina sheria ya mwaka 2008 inayohusu umiliki wa sehemu za majengo, yenye utaratibu wa namna hiyo. Swali ni nani aubebe mzigo huo.

Mafakihi wanapoieleza ijara husema manufaa yajulikane na ujira ujulikane. Matengenezo yanayoifanya nyumba ikalike ni juu ya mwenye nyumba, na usafi wa matumizi ya kila siku ni juu ya mpangaji. Sheria za nchi nyingi zinakaribiana na mgawanyo huu, ingawa kila moja ina njia yake.

Dubai, ada ya usimamizi humhusu mmiliki. Sheria Namba 26 ya mwaka 2007 inamtwika yeye matengenezo, na inahesabu matumizi ya maegesho na bwawa la kuogelea kuwa ndani ya kodi, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo ya kuyatafuta katika mkataba. Chukua mfano wa nyumba isiyo na samani, ya dirhamu 40,000 kwa mwaka. Kwa desturi dhamana ni asilimia 5, yaani dirhamu 2,000, na dalali naye huchukua kiasi kama hicho. Mamlaka ya umeme na maji, DEWA, hutaka dhamana ya dirhamu 2,000 kwa nyumba ya ghorofani. Manispaa nayo hutoza asilimia 5 ya kodi ya mwaka, ikigawanywa kila mwezi ndani ya bili ya umeme. Jumla ni dirhamu 8,000 juu ya kodi, na 6,000 kati ya hizo hutakiwa mwanzoni. Dhamana hurejeshwa mpangaji akihama vizuri. Ya dalali hairudi. Katika baadhi ya majengo, ubaridi hutoka kwenye mtambo wa pamoja wenye bili yake pekee. Mkataba usajiliwe katika mfumo wa Ejari, kwani bila usajili ni vigumu kudai haki.

England, tangu Juni 1, 2019, dalali haruhusiwi kumtoza mpangaji kwa kuonyeshwa nyumba, kuandikiwa mkataba au kuchunguzwa sifa zake. Dhamana haizidi kodi ya wiki tano, iwapo kodi ya mwaka haifiki pauni 50,000, na lazima ihifadhiwe katika mfuko unaotambuliwa na serikali ndani ya siku 30. Kodi ya halmashauri kwa kawaida hulipwa na mkaaji, lakini nyumba inayokaliwa na wanafunzi wa kutwa pekee husamehewa.

Wajerumani hutenganisha "kodi baridi", ambayo ni ya nyumba tupu, na "kodi ya joto" iliyojumuisha gharama za kupasha nyumba moto, maji, takataka na usafi wa ngazi. Gharama hizo hulipwa kwa makadirio kila mwezi, kisha mwenye nyumba hutoa hesabu kamili ndani ya miezi 12 baada ya mwaka wa hesabu kuisha. Gharama za kiofisi za kusimamia jengo haziruhusiwi kuingizwa humo. Dhamana haizidi kodi baridi ya miezi mitatu, na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa mafungu matatu.

Basi kabla ya kutuma hata shilingi, familia imwagize msafiri aulize kwa maandishi: Kodi inajumuisha nini? Kipi hulipwa pembeni, kwa nani, na kila baada ya muda gani? Kipi kitarudishwa, kwa sharti gani? Nani anatengeneza kiyoyozi au bomba likiharibika? Anayepokea fedha ana uthibitisho gani kuwa ndiye mmiliki au wakala wake? Risiti zote zitunzwe, na picha za nyumba zipigwe siku ya kuingia.

Mwenye nyumba mwaminifu hatachukizwa na maswali hayo. Anayekasirika kwa kuulizwa, na kuhimiza fedha zitumwe leo hii, amekwisha kujibu.