Minor Yako Haing'oi Jino

Kuna ugonjwa umeingia kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, na clinic haina dawa yake: kuweka minor kwa status. Msee ametua Canada juzi na scholarship, bado anavaa soksi tatu, lakini WhatsApp tayari inasoma "Bio major, Psych minor, future dentist" na emoji ya jino. Emoji ya jino! Huyu huyu tuliyekuwa tunamnyima Colgate hapa.

Sisi nao, tumekaa pale kwa kuchaji simu, tunabishana kama wazee wa kikao. Hiyo minor inasaidia kuingia dental school, ama ni luku tu?

Ni luku. Sasa vuta kigoda nikupe na sababu.

Marekani, na sehemu kubwa ya Canada, hauingii dental ukitoka secondary. Unapiga college kwanza, ndio unaomba. Major ndio mzigo wako mkubwa, minor ni kozi tano sita za pembeni. Wale wa admission wanataka biolojia, kemia mpaka ile ya organic inayotoa watu machozi, fizikia, GPA (wastani wa maksi), na mtihani unaitwa DAT. Pia wanataka kujua umekaa masaa mangapi kwa kliniki ukicheki daktari akifanya job. Minor wanaiona, wanaipita tu. Lakini ikikushushia GPA, hapo wanaona hata bila miwani.

Na kichekesho ni hiki: ka unapiga major ya biolojia, kemia unayodaiwa inakaribia kuwa minor nzima. Unaongeza kozi moja, mbili, imetoka. Ni kama kupita kaunjika, soko la mitumba, ukienda zako na kutoka na jacket kali. Ichukue bana, ni yako. Ila usitusumbue nayo kwa status.

Mzae wa plot yetu alisikia hii story akacheka mpaka chai ikamwagika. Kwake jino ni karafuu, maji ya chumvi, na ikishindikana, koleo. Ati mtu asome miaka nane kwa sababu ya mdomo? Halafu hapo hapo akageuka akashauri tusome vitu viwili, "kimoja kikifa unabaki na kingine." Mzae, tulia. Endelea na koleo.

Lakini nitakuwa fair. Kuna minor ningeitetea hata mbele ya mzae: sanaa ya mikono. DAT ya Canada zamani ilikuwa na sehemu ya kuchonga sabuni. Sabuni, msee! Unapewa kipande, unapewa mchoro, unachonga mpaka kifanane. Hapa sabuni ni ya kugawana na majirani, kule ilikuwa mtihani. Wale vijana wetu wa kuchonga mbao wangeipasua asubuhi wakarudi kudishi mandasi. Siku hizi sabuni imetolewa, lakini bado kuna maswali ya macho: pembe ipi ni ndogo, karatasi ikikunjwa na kutobolewa mashimo yatatokea wapi, cubes ni ngapi kwa rundo. Mtu wa patasi hapo hatetemeki.

Lugha nayo? Kule watu wanalipa ada wapate minor ya Kispanyola, waongee na wagonjwa. Wewe una Kiswahili cha Congo, Kirundi ama Kinyarwanda, Kifaransa, Kichewa cha soko, na Kiingereza cha odijo. Zingine ulizipata kwa foleni ya maji, bure kabisa. Hizo ndizo za kubeba kwa interviu.

Sasa doo, maana hapa ndio watu hunyamaza. DAT ya Marekani peke yake ni zaidi ya dola 500. Kwa rate ya benki tu hiyo inakaribia milioni ya kwacha, na ile rate ya street sitaitaja, mathe wako anasoma. Kutuma maombi ni zaidi ya dola 250 kwa shule ya kwanza, na kila unayoongeza ni zaidi ya 100. Bado hujafungua hata kitabu.

Turudi nyumbani basi. Malawi hiyo story ya minor haipo. Mpaka 2019 nchi haikuwa na digrii ya udaktari wa meno, na madaktari wa meno hawakufika 50 kwa watu zaidi ya milioni 17. Mwaka huo College of Medicine ya Blantyre ikaanzisha digrii hiyo, BDS, wakisaidiana na University of Glasgow, chapaa ikatoka serikali ya Scotland. Tangu 2021 chuo ni sehemu ya Kamuzu University of Health Sciences, KUHeS. Unaingia na MSCE, cheti cha kumaliza secondary: biolojia, kemia, fizikia, hesabu, Kiingereza. Basi. Hakuna atakayekuuliza umesoma nini pembeni.

Lilongwe kuna njia fupi zaidi, diploma ya dental therapist pale Malawi College of Health Sciences. Cool kids wanaidharau. Washamba. Ukiumwa jino kwa hospitali ya wilaya, huyo therapist ndiye utakayemlilia.

Na hizi diploma za online hapa camp, kama ile ya Regis University iliyoanza 2010, heshima mob, zimetoa wasee wengi. Lakini hazina maabara ya kemia. Usimdanganye papa yako kwamba ukimaliza hiyo unaanza kuziba meno.

Soo yetu ya kweli haiko kwa minor. Tangu 2023, serikali iliporudisha wakimbizi wa mjini hapa camp, hata kwenda Lilongwe kuuliza form ni lazima uwe na ruhusa mfukoni. Kilomita 45 hivi tu, na zinakaa mbali kuliko Toronto.

Kwa hivyo futa hiyo emoji, buda. Na ka una past papers za kemia za MSCE, leta kwa group leo. Si picha zenye ukungu, tafadhali.